Choo cha mita 600

Shikamooni wakubwa mliokaa huku mbele, na nyie wadogo zangu wa huko nyuma mambo vipi, naona kuna wengine mmekaa karibu na mlango kabisa mko tayari kutoroka, hamna shida. Walionialika walitaka niongee kuhusu kufanya kazi fasta kwenye AutoCAD, ile programu ya kuchorea ramani za majengo, mi nikawaambia hiyo mada ni kubwa mno ntaongelea kitu kimoja tu, zile paleti za pembeni, yani kile kibao kinachotokea ukibonyeza Ctrl na 3, ambacho wengi wenu mlikifunga siku ile ile mlipoinstoo programu kwa sababu kilikuwa kinawaziba kioo na hamkuona kina kazi gani. Msijisikie vibaya, hata mi nilikifunga, na kilikaa kimefungwa miaka mitatu hivi.

Naanzia mbali kidogo mnivumilie. Nilipoanza hii kazi nilikuta ofisini mzee mmoja bado ana meza ya kuchorea, T-skwea, kalamu za Rotring za 0.25 na 0.35 na 0.5, karatasi za treisingi, na wembe. Wembe ndo ilikuwa andu yake, yani kitufe chake cha kufuta kosa, ukikosea wino unakwangua taratibu taratibu mpaka mstari unatoka, ukizidisha nguvu karatasi inatoboka na hapo ujue unaanza upya. Sasa huyo mzee alikuwa na templeti za plastiki, zile za kijani zenye matundu, kuna tundu la sinki, kuna la bafu la kulala, kuna la choo cha kukaa, unaweka juu ya karatasi unapitisha kalamu na choo kimekaa, skeli 1 kwa 50, hujapima chochote. Tatizo lake moja tu, zile templeti zilitoka nje na waliozitengeneza hawakuweka choo cha kuchuchumaa. Na sisi huku ukichora shule, ukichora zahanati, ukichora nyumba za kupangisha za uwani, unachora cha kuchuchumaa. Kwaiyo mzee akachukua filamu ya eksirei iliyokwisha kazi, akachora choo chake, akakata na wembe ule ule, akapata templeti yake. Akakata nyingine ya tanki la maji, nyingine ya karo lile la nje la kufulia. Zilikuwa kama sita hivi, ziko kwenye bahasha ya kaki, na ile bahasha ilikuwa haiguswi na mtu.

Mi nilikuwa naicheka ile bahasha. Kijana nina kompyuta bwana, nacheka. Siku moja ikaja kazi ya vyoo vya shule, matundu 12, sita wavulana sita wasichana, tukagawana, yeye achore upande mmoja kwa mkono mi nichore mwingine kwenye mashine ili bosi aone ipi ina faida. Mzee akamaliza kuweka vyoo vyake vyote mi bado niko kwenye mafolda natafuta ile ramani ya zamani niliyowahi kuchora choo cha kuchuchumaa, nafungua faili sio lenyewe, nafunga, nafungua jingine, mashine inasinzia, mwisho nikakipata kwenye kazi ya mteja mwingine kabisa, nikakopi nikapesti, kikaja na leya zake, yani zile tabaka za kutenganishia michoro, zenye majina ya ajabu na rangi ya zambarau ambayo sikuiomba. Mzee alikuwa anakunywa chai.

Ile bahasha ya kaki ndo paleti. Kusema kweli la msingi nimeshalimaliza hapo, yanayofuata yote ni maelekezo ya jinsi ya kukata filamu.

Hizi paleti sio kitu kipya, AutoCAD yenyewe imeanza kuuzwa 1982 na paleti zimeingia kwenye toleo la 2004 ambalo lilitoka 2003, yani ni kitu cha zaidi ya miaka 20 na bado nakuta fundi mzuri kabisa anaingiza mlango kwa kuandika I, ile komandi ya kuingiza, anabrauzi folda, anachagua faili, anabonyeza sawa, anabonyeza pa kuweka, anazungusha, alafu anakumbuka leya siyo yenyewe anabadilisha leya. Hesabuni wenyewe hizo hatua, saba, kwa mlango mmoja. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu ina milango kama minane au tisa. Kwenye paleti ni unagusa picha ya mlango unagusa ukutani unazungusha basi, leya inajiweka.

Sasa ukiifungua mara ya kwanza utakuta imeshajaa vitu, na hapa ndo watu wanapokata tamaa. Kuna milango, kuna magari, kuna miti, kuna taa, kuna boliti na nati, alafu vingi vimewekwa mara mbili, vya inchi na vya metriki. Ni vitu vizuri lakini vimechorwa kwa ajili ya mtu mwingine. Mwenye kuviweka hajawahi kuchora simtanki juu ya mnara wa zege, hajawahi kuchora grili, hana kenchi zetu za mbao za 2 kwa 4, hana shimo la maji machafu na chemba zake. Ni templeti ya kijani ile ile. Ushauri wangu wa kwanza, hizo paleti zao usizifute ila zitoe machoni, nitasema baadae jinsi ya kuzifichia kwenye kundi lake, anza na paleti moja tupu. Kliki kulia kwenye ule mstari wa pembeni wa kibao, chagua ya kutengeneza paleti mpya, ipe jina. Mi ya kwanza niliita BAHASHA.

Alafu usiweke kitu. Nisikilizeni hapa maana ndo wengi wanapoharibu, mtu akishajua paleti inatengenezwaje siku ya kwanza anajaza vitu mia, anachukua bloku zote alizowahi kudownload, yani michoro iliyofungwa kuwa kitu kimoja, matokeo yake kutafuta kwenye paleti kunakuwa kugumu kuliko kutafuta kwenye folda. Nendeni kwa kinyozi wa mtaani mkaangalie kile kishubaka chake chini ya kioo. Mashine, kitana, brashi, spiriti, pauda, wembe. Vile viko palepale mkono unapofika bila jicho kwenda. Dawa ya kupaka nywele rangi anayo lakini iko kabatini, maana wanaoitaka ni wachache kwa wiki. Kwaiyo wiki nzima ya kwanza wewe fanya kazi yako kama kawaida, weka kipande cha karatasi pembeni, kila ukiingiza kitu au ukichora kitu kwa kurudia chora kijiti, vijiti vinne unakata cha tano kama tunavyohesabu kura. Na kama unaona uvivu jioni bonyeza F2, linafunguka dirisha linaloonyesha komandi ulizokuwa unaandika, unasoma mwenyewe siku yako ilivyoenda. Mi niliposoma ya kwangu nilishtuka, nilikuwa najiona mtu wa kuchora kuta kumbe sehemu kubwa ya siku nilikuwa nabadilisha leya tu.

Baada ya wiki chukua vile vyenye vijiti vingi. Kwangu vilitoka mlango wa milimita 900, mlango wa 700 wa choo, dirisha la futi 5 kwa 5, la 5 kwa 4, kale ka 2 kwa 2 ka chooni, choo cha kukaa, cha kuchuchumaa, sinki la mikono, sinki la jikoni, chemba, mshale wa kaskazini, alama ya kukata sekisheni, hachi ya zege, yani vile vistari vya kujazia, hachi ya tofali, na vipimo. Vitu 15. Miaka yote hii imepita na ile paleti ya kwanza haijawahi kuzidi 20.

Na kuna kitu ambacho msiweke kabisa, ingawa najua kuna mtu hapa atabisha. Usiweke mstari, usiweke kopi, usiweke muvu, usiweke trimu. Hizo ni za mkono wa kushoto. L, CO, M, TR, herufi moja au mbili na spesi, hakuna mausi itakayoshinda hiyo. Na kama herufi walizochagua wao hazikukai vizuri kuna faili linaitwa acad.pgp, unalifungua unabadilisha unaandika herufi zako, alafu unaandika REINIT AutoCAD inalisoma upya bila kufunga. Mi kugawa kwangu ni huku, kitendo kinakaa kwenye kibodi, kitu kinakaa kwenye paleti. Mlango ni kitu. Kusogeza ni kitendo. Ukichanganya utajikuta unaenda na mausi mpaka pembeni ya kioo kufuata komandi ya kusogeza alafu unarudi, hiyo safari ya nini.

Haya kuweka kwenyewe ni rahisi mpaka inatia aibu. Ramani iwe imesevwa kwanza, usipoisevu itakugomea. Unachagua bloku, inaonyesha vile vidoti vya bluu, unashika mstari wake, USISHIKE kidoti maana ukishika kidoti unaisogeza, unaidragi mpaka kwenye paleti unaachia. Imeingia. Hachi hivo hivo, kipimo hivo hivo. Au kama una folda lenye bloku nyingi zilizopangika, fungua Ctrl na 2, tafuta folda, kliki kulia, kuna sehemu inakutengenezea paleti nzima kwa mkupuo. Ila kumbukeni kinyozi.

Sasa mtego. Unapoidragi bloku kwenye paleti, bloku HAIHAMII kwenye paleti. Kinachokaa pale ni picha na njia ya kufika kwenye faili ulilotolea. Narudia maana hapa ndo nimeona watu wazima wakitoa machozi. Ukichukua mlango kwenye ramani ya mteja iliyoko desktop, wiki ijayo ukasafisha desktop ukaifuta ile ramani, picha ya mlango bado utaiona kwenye paleti inakutazama vizuri tu lakini ukiigusa itakuambia haipati faili. Hachi haina hilo tatizo, vipimo navyo havina, maana vinabeba mipangilio tu. Bloku ndo ina mama yake, yani lile faili ilikotoka, na mama akifa imekwisha.

Niliwahi kufanya kazi ofisi moja hivi, siitaji, tulijenga paleti nzuri sana tukiwa watu wanne, miezi, bloku zote ziko kwenye seva. Akaja mtu wa IT mwisho wa mwaka akabadilisha jina la seva na akapanga mafolda upya, sababu anayoijua mwenyewe, hakutuambia. Jumatatu asubuhi kila picha unayoigusa haipati faili. Na tenda inafungwa Jumatano. Tukarudi kwenye kubrauzi kama mwanzo, tena kwa hasira. Kwaiyo mama zote ziweke folda moja, folda ambalo halina kazi nyingine, lisiwe desktop, lisiwe downloads, na kwa vyovyote vile lisiwe kwenye flashi, maana flashi leo ni E kesho ukichomeka na modemu inakuwa F na paleti inatafuta E. Kama imeshatokea usianze upya, kliki kulia kwenye ile tuuli, yani ile picha kwenye paleti, uende kwenye propati zake, kuna mstari wa njia ya faili, sahihisha hapo.

Na hizo propati ndo roho ya jambo lote, watu wanaishia kwenye picha. Ukifungua utaona leya, rangi, skeli, mzunguko, kama ikuulize mzunguko au isikuulize. Kwenye leya iandikie leya yake. Mlango uende leya ya milango, choo kiende leya ya mabomba na vyoo. Hata kama kwenye ramani mpya hiyo leya haipo itaitengeneza yenyewe. Wewe unaweza ukawa unachora kuta upo leya ya kuta unagusa mlango unaweka, mlango umeenda kwake na wewe bado upo kwenye kuta. Yale mambo niliyoyaona kwenye F2, ya kubadilisha leya siku nzima, yaliisha hapo. Bloku yenyewe wakati wa kuitengeneza michoro yake ya ndani ichore kwenye leya 0 ili ifuate rangi ya leya itakayowekwa, ukichora ndani kwenye leya nyingine nyingine utapata ile zambarau yangu.

Skeli kuna kitu kizuri kingine pale, skeli ya ziada, unaweza kuiambia ifuate skeli ya vipimo au ya kuprinti. Hiyo usiweke kwenye mlango, mlango ni mita sifuri nukta tisa kokote kule. Weka kwenye mshale wa kaskazini na alama za sekisheni, hivyo ndo vinatakiwa vionekane saizi ile ile kwenye karatasi iwe ramani ya 1 kwa 50 au ya kiwanja ya 1 kwa 200.

Sasa niwape kichwa cha habari maana naona mmekisoma kwenye tangazo na mnasubiria. Mzee alipostaafu alinipa ile bahasha. Mi nikaona niifanyie heshima, nikachukua ile filamu ya choo nikaiweka kwenye skana, nikaingiza picha kwenye AutoCAD, nikaikuza mara 50 maana ilikatwa kwa skeli ya 1 kwa 50, nikaichora kwa kufuata, ikatoka milimita 600 urefu. Upande mmoja una kijitundu cha pembeni pale wembe ulipoteleza, kwenye filamu ni robo ya milimita huwezi hata kuiona, ukizidisha kwa 50 inakuwa milimita 12 na nusu. Nikaiacha. Nikasevu, nikaidragi kwenye BAHASHA, nikafungua ramani ya nyumba niliyokuwa nayo, nikagusa, nikaweka chooni.

Kimya. Hakuna kitu. Kuna mstari mmoja tu umekatiza sebuleni. Nikaandika Z, E, ili nione mchoro wote. Nyumba yote ikawa kidoti. Kimebaki choo kimejaa kioo kizima. Nikapima. Mita 600. Ukipanga viwanja vya mpira kichwa kwa mkia vinakaribia sita, na ndo choo hicho, mtu mmoja anachuchumaa.

Kilichotokea ni hivi. Kila faili lina sehemu linasema mimi namba zangu ni za nini, milimita, mita, inchi. Unaiona ukiandika UNITS. Faili langu la choo nilichora kwa milimita, namba 600, lakini kule kwenye UNITS limeandikwa mita. Ramani ya nyumba yenyewe inajua ni ya milimita. AutoCAD ikasema haya, huyu kaleta mita 600, kwetu milimita hiyo ni 600,000, karibu. Haijakosea, mi ndo nimekosea. Na kuna ndugu yake huyu tatizo, ukianza faili kwa templeti ya acad badala ya acadiso ile ya kwanza inahesabu inchi, ukichora milimita mle vitu vinakuja vikubwa mara 25.4, hiyo namba mkiiona mahali mjue ni inchi inawasalimia. Kwaiyo kabla hujadragi kitu chochote, UNITS kwanza kwenye faili la mama.

Na kurekebisha nako kuna ujanja wake, mi nilirekebisha faili la mama, nikasevu, nikarudi kwenye nyumba nikagusa tena, kikaja tena cha mita 600! Nikadhani mashine imerogwa. Kumbe ramani ikishawahi kupokea bloku yenye jina fulani inaikumbuka, ukiingiza tena inatumia ile iliyonayo, haiendi kwa mama. Inabidi ukifute, uandike PURGE uitoe kabisa kwenye kumbukumbu, ndo uweke upya. Au kliki kulia kwenye tuuli kuna sehemu ya kuisukumia ramani bloku mpya juu ya ile ya zamani. Hii mkumbuke hata kwa mambo ya kawaida, leo umerekebisha mlango kwenye faili la mama, ramani za zamani hazibadiliki zenyewe, na hata ile picha kwenye paleti inabaki ya zamani mpaka uiambie ijichore upya.

Makro nitapita haraka maana muda umeenda. Unaweza ukaweka kwenye paleti komandi uliyoitunga mwenyewe. Mi ninayo moja tu ninayoipenda, ya kuchora ukuta, inaandikwa hivi:

^C^C-LAYER;M;KUTA;;PLINE;

Zile ^C mbili za mwanzo ni kama kubonyeza Esc mara mbili, kufuta chochote ulichokuwa unafanya. Kila nukta mkato ni enta. Kwaiyo inaenda kwenye leya, inatengeneza au inaingia leya inayoitwa KUTA, inatoka, inaanza polilaini, ule mstari wa vipande vilivyoungana. Kitufe kimoja. Najua nimesema vitendo vikae kwenye kibodi, na huyu aliyecheka kule nyuma kanikamata, sawa, hii ni dhambi yangu moja niacheni nayo.

Kioo. Wengi tuna laptop za inchi 15, hakuna nafasi ya kibao kikae wazi muda wote. Kibandike upande wa kushoto kijifiche chenyewe, ukipeleka mausi kinatokea, ukitoka kinaondoka. Maandishi ya chini ya picha ondoa ukishazoea, baki na picha tu vinakaa vingi. Kuna na ile ya kukifanya kiwe kama kioo uone ramani kwa nyuma, mi siipendi, sioni ramani vizuri na paleti siioni vizuri.

Paleti zikishakuwa nyingi ndo unaandika CUSTOMIZE, unatengeneza makundi. Mi nina kundi la ramani za nyumba, kundi la maji na vyoo, kundi la umeme, na zile zao za kiwandani zote nimezifungia kundi moja nimeliita STOO. Paleti moja inaweza kukaa makundi mawili, BAHASHA ipo kwenye yote. Ukichagua kundi la umeme unaona za umeme tu.

Kwenye CUSTOMIZE hapo hapo ndo unapotolea paleti kumpa mwenzio, inatoka faili la XTP. Ila XTP ni picha na njia tu, mama haziendi nayo, kwaiyo ukimpa mwenzio XTP peke yake umempa bahasha tupu. Mpe na folda la bloku, na aliweke sehemu yenye njia ile ile, kama kwako ni D alafu BLOKU basi na kwake iwe hivo.

Na hili la umeme wa Tanesco mnalijua kuliko mi. Mabadiliko unayofanya kwenye paleti yanaandikwa kwenye faili pale unapofunga AutoCAD. Ukikaa masaa mawili unapanga paleti yako nzuri alafu umeme ukakatika na desktop yako haina UPS, utarudi ukute ya jana. Ramani kuna otosevu inaweza kukuokoa, paleti subiri bahati. Kwaiyo ukimaliza kupanga, funga programu, fungua tena, angalia vipo, ndo uendelee na maisha.

Kwa wenye ofisi mliokaa huku mbele, paleti za ofisi ziwekeni folda moja la seva, kwenye OPTIONS ile sehemu ya mafaili kuna mahali pa kuonyesha paleti zinapokaa, mnaweza kuweka njia mbili, ya ofisi na ya mtu binafsi. Ya ofisi mafaili yake yafanyeni ya kusoma tu, kitatokea kikufuli kidogo kwenye kona ya paleti, hapo hakuna wa kuongeza mlango wake aliodownload usiku. Ya binafsi muachie mtu, usimpangie. Nimeona ofisi inalazimisha paleti moja kwa watu wote, wa umeme na wa miundo na wa usanifu, baada ya mwezi wote wamekifunga kibao wamerudi kwa I.

Wanaotumia BricsCAD au ZWCAD paleti zipo na zinafanana sana na hizi, kuhama sio shida. Wa LibreCAD ya bure hamna paleti za namna hii ila kuna kile kidirisha cha laibrari pembeni kinachosoma folda la bloku, pangeni folda vizuri mtafika.

Haya maswali. Dada yule mwenye mtandio wa kijani. … Anauliza madirisha yako saizi nyingi, 5 kwa 5, 5 kwa 4, 6 kwa 5, atajaza paleti madirisha tu. Swali zuri. Hapo unatengeneza bloku ya kubadilika, ilikuja toleo la 2006, dirisha ni moja kwenye paleti, ukishaliweka ukutani linakuja na kimshale, unabonyeza linakupa listi ya saizi unachagua. Mi mwenyewe nilivosema 5 kwa 5 na 5 kwa 4 ni vitu viwili niliwaambia ya zamani, siku hizi ni kimoja. Ntawaonyesha hapa hapa, subirini projekta iwake, hii waya sijui nani kaigusa.

… Eeh kaka wa pale. Anauliza kama anaweza kupata BAHASHA. Unaipata, flashi iko mezani hapo, ina XTP na folda la bloku, iskani kwanza virusi maana imepita mashine nyingi. Choo kilicho mle ni kile cha mzee, UNITS nimeshaweka milimita. Na kile kijitundu cha wembe, kile cha milimita 12 na nusu, kipo hapo hapo usije ukanipigia simu kuniambia nimekosea kuchora.